Gitaa Dogo, Wimbo wa Nani?

Eti gitaa mlimani ni uhuni! Mzee mmoja pale stendi ya Moshi alinipasha hivyo aliponiona na gitaa langu dogo mgongoni. Nilinyamaza, heshima ya mvi. Kwenu vijana wenzangu sinyamazi.

Nimelipandisha gitaa hilo toka Marangu hadi Horombo, mita 3,720. Baridi inavuruga nyuzi, vidole vinakufa ganzi. Si neno. Kinachoniuma ni kwamba kambini tunaimba ule ule, "Jambo Bwana", uliotolewa na Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982 kwa ajili ya watalii. Siuchukii, bwana, umewapa wapagazi bahshishi. Lakini watoto wa mlima huu hatuna la kusema zaidi ya salamu?

Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa mwaka 1952, gitaa moja kavu na sauti yake basi. Dunia ikasikiliza. Sisi twangoja bendi?

Theluji inapungua, kihamba kinagawanywa vipande, mpagazi anashuka mgongo unamuuma. Beti ndizo hizo. Mgeni akishalala, chukua gitaa, tunga. Na wa kwanza kusikia awe mpagazi.