Jua la Uani

Wako kina mama wanaotuuliza iwapo buibui ndilo linalowaumiza mifupa, baada ya kuambiwa hospitalini kwamba wamepungukiwa na vitamini D. Tunajibu kwamba buibui halina kosa. Kilichopotea ni ua.

Vitamini hii mwili hujitengenezea wenyewe. Ndani ya ngozi mna mafuta ya jamii ya kolesteroli, na miale ya jua ikiyapiga hugeuka. Damu huyachukua hadi kwenye ini, yakabadilishwa mara ya kwanza, kisha kwenye figo, ambako hupata nguvu ya kufanya kazi. Kazi yenyewe ni kuuwezesha utumbo kupokea kalsiamu iliyomo katika chakula. Pasipo hiyo, mtu aweza kunywa maziwa kila siku na mifupa isinufaike: mtoto akaota matege, na mtu mzima akaumwa nyonga na mgongo, akadhani ni uzee.

Bibi zetu walijifunika barabarani, lakini wakirudi walifua, wakaanika na kusukana uani, mikono na vichwa wazi. Leo tumepanga vyumba vya ghorofa, na jua twaliona kupitia kioo, nacho kioo huizuia miale ile ile inayohitajika. Katika nchi za Ghuba, pamoja na ukali wa jua lake, upungufu huu umeenea sana.

Basi enyi kina baba mnaojenga, acheni ua, au izungushieni ukuta dari ya juu. Hata aliye edani hakatazwi kukaa uani kwake. Kipimo ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mtu mwenyewe, miale ina nguvu, kikishalingana naye, Alasiri ikikaribia, imedhoofika. Mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko mweupe, ila ngozi isiachwe iungue.

Dagaa, jodari na kiini cha yai vina sehemu yake. Mtoto anyonyaye ni jambo jingine, kwani maziwa ya mama, pamoja na baraka zake zote, yana kiasi kidogo mno cha vitamini hii. Madaktari huagiza matone ya yuniti 400 kwa siku. Mama na aulize kliniki anapompeleka mwanawe chanjo. Asizidishe kwa kudhani dawa nyingi ndiyo afya nyingi, kwa maana vitamini hii hukaa katika mafuta ya mwili, na ikizidi huumiza figo.

Wabillahi tawfiq.