Thamostati Haina Kosa

Nunua gari lililotumika kutoka Japani, kisha mwambie fundi wa kwanza utakayemkuta, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Grogan jijini Nairobi, kwamba linachemsha. Kabla boneti haijafunguliwa, hukumu imeshatoka: ng'oa thamostati, hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Dereva wa daladala atakubali. Mpenda magari aliyekariri namba za injini zote za Toyota atakubali. Mjomba ambaye hajawahi kushika spana atakubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukibisha, unaambiwa una elimu ya makaratasi.

Nabisha. Imani hii ni ya uongo, na watu wanailipia kila siku bila kujua.

Tuanze na hilo joto letu linalosingiziwa. Mafuta yakiwaka ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Maji yanayozunguka injini yanatakiwa yatulie karibu na nyuzi 90. Dar es Salaam, mchana wa Februari, hewa ina nyuzi 32 au 33. Injini iliyolala nje usiku kucha hapa Dar inaamka ikiwa imepungukiwa nyuzi zaidi ya 60 kufikia joto lake la kazi. Wa Njombe na Limuru wafanye hesabu yao wenyewe, maana "huku kwetu" nako kuna watu wanaovaa makoti. Na anayetaka joto la kweli aende Dubai au Muscat, ambako kiangazi hupita nyuzi 40. Land Cruiser zinazouzwa huko zinatoka kiwandani na thamostati.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Ni vali yenye kikopo kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, au 88 kwa injini nyingine, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, vali inafunguka na maji yanapita kwenda kupozwa kwenye rejeta. Yakipoa, springi inaifunga. Kazi yake ni kuzuia injini isipoe kupita kiasi. Kiwango cha juu hakiko mikononi mwake. Gari likifika nyuzi 105 na kuanza kutoa mvuke, thamostati nzima imeshafunguka yote zamani na maji yanapita. Sasa ukiing'oa, umemwondolea nani kizuizi? Kama kweli iliganda ikiwa imefungwa, basi imeharibika, na kilichoharibika hubadilishwa. Pampu ya maji ikifa hakuna anayesema gari litembee bila pampu.

Kuna ubaya zaidi ambao washauri wa mtaani hawausemi. Injini nyingi, za Toyota zikiwemo, zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka asubuhi. Thamostati ya injini hizo ina visahani viwili: cha juu kikifungua njia ya rejeta, cha chini kinaziba ile ya pembeni. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka bila kupozwa. Barabara tambarare hutaona kitu. Pakia watu saba na mizigo, panda mlima Kitonga, ndipo utakapojua kwamba ulichofanya kupunguza joto kimeliongeza.

"Mbona langu nimeitoa miaka mingi na halichemshi?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloifanya imani hii iishi. Rejeta ikiwa imeziba nusu, maji yakizunguka muda wote yanaweza kuificha kasoro hiyo katika mwendo wa kawaida. Ni sawa na kumpa panadol mgonjwa wa malaria: homa inashuka, vimelea vinaendelea na shughuli zao. Mwenye gari anamsifu fundi, rejeta inaendelea kuziba, na siku ya safari ndefu silinda hedi inapinda. Siku hiyo hakuna anayeikumbuka thamostati.

Hata lisipochemsha, gari hilo linakula. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji, na ikiona maji ni baridi inaamini ndiyo kwanza gari limewashwa. Inaongeza petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, salensa inanuka, tangi linaisha mapema, na mwenye gari anaanza kulaumu kituo cha mafuta. Kwenye gari la otomatiki, gia ya juu inaweza kuchelewa au kukataa kuingia, kwa sababu kompyuta inasubiri injini ipate moto. Magari madogo kama Vitz yana taa ya bluu kwenye dashibodi inayosema injini bado ya baridi. Ukiona taa hiyo haitaki kuzima ilhali umeshatoka Mbagala umefika Posta, gari linakuambia lilichoibiwa.

Oili nayo inaumia. Kila petroli inapoungua inazalisha mvuke wa maji, na kiasi chake hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili pamoja na petroli isiyoungua. Injini ikiwa na moto wa kutosha, vyote hivyo hukauka na kutolewa. Ikiwa baridi, vinabaki, oili inakuwa nyepesi, na chini ya kifuniko chake unatokea utando wa rangi ya maziwa. Kisha fundi yule yule aliyeng'oa thamostati anauona utando, anatikisa kichwa na kutangaza kuwa gasketi ya hedi imekufa. Unalipa mara ya pili kwa ushauri wa mara ya kwanza.

Niwatendee haki wazee wetu. Desturi hii haikuanza kwa ujinga. Dereva wa lori zamani, thamostati ikimgandia porini na spea iko mbali, aliitoa ili afike. Hata leo, ukikwama njiani na umethibitisha imeganda, itoe, endesha taratibu, fika mjini, funga nyingine. Kosa ni kuchukua dawa ya porini na kuifanya sheria ya mjini, hata kwa gari ambalo thamostati yake ni nzima.

Na wale wanaosema waliirudisha gari likachemsha tena, wajiulize walivyoirudisha. Thamostati nyingi zina kitundu chenye kipini kinachochezacheza. Kwenye injini nyingi hicho hukaa juu ili hewa ipite. Mfumo ukijazwa maji bila kutolewa hewa, kiputo cha hewa kinaziba mzunguko na gari linachemsha. Lawama inaangukia kifaa kipya.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Joto la kufungukia huwa limegongwa kwenye chuma chake: 82, 84, 88. Maji yakikaribia kuchemka nayo haijafunguka, itupe. Ikifunguka vizuri, haina hatia, mtafute mkosaji kwingine.

Wakosaji wanajulikana. Maji ya bomba na ya kisima yanayojaza rejeta kutu na magadi mahali pa kulanti. Feni isiyowaka kwenye foleni. Pampu iliyolika. Na kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukiona pambo: kikiwa kizima kinashikilia shinikizo la bar 1 hivi, na maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikichoka, Dar yatachemka kwa 100, na Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa takriban 95, hatua chache tu juu ya joto la kawaida la injini.

Lakini mafundi hawakuijenga imani hii peke yao. Sisi wenye magari tunalipa kwa furaha kitu kikifungwa au kikitolewa mbele ya macho yetu, na tunanuna fundi akitaka pesa ya kupima. Fundi mwenye njaa anajifunza haraka: kung'oa kunalipa, kuchunguza hakulipi. Kwa hiyo gari lako likichemsha, lipia uchunguzi kwanza. Taka kuona kifuniko, feni, pampu na rejeta vimepimwa, na thamostati imeingia kwenye sufuria. Fundi akikataa kupima akakimbilia kung'oa, chukua ufunguo wako utafute mwingine.