Nani Kasema Ndege ni wa Wazungu?

Mwambie mtu wa Kikwe, huku Arusha, kwamba unaweka akiba uende Pemba kutazama ndege, uone atakavyokukodolea macho. Ungesema unakwenda kununua karafuu, angekuelewa. Ungesema umepata mchumba Wete, angekupongeza na kuuliza mahari. Lakini ndege? Atacheka kwanza, kisha atatoa ile hukumu ambayo sote tumeipokea bila kesi kusikilizwa: hayo ni mambo ya Wazungu. Wana fedha, wana muda, wana kampuni ya kuwapokea uwanja wa KIA na gari la kuwazungusha. Sisi ndege tunawafukuza shambani.

Naikatia rufaa hukumu hiyo. Ni ya uongo kwa jiografia, ni ya uongo kwa hesabu za mfuko, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inatunyima hata kazi. Katika watu wote duniani, anayeweza kupanga mwenyewe safari ya kuwaona ndege wa Pemba kwa gharama ndogo kuliko wote ni Mtanzania. Mkulima wa maharage wa Kikwe yumo.

Tuanze karibu na nyumbani. Ukizunguka nyuma ya Mlima Meru kwa barabara ya Namanga, utafika kwenye uwanda mkavu wa Engikaret. Huko anaishi kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa rangi ya udongo anayetembea chini kwenye majani mafupi. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1966, na hapatikani popote pengine ulimwenguni. Watu husafiri kutoka Ulaya, wakalala Arusha usiku mmoja, wakaamka gizani ili wamwone yeye tu. Dereva anayewapeleka mara nyingi ni kijana wetu wa Tengeru au Usa River. Wageni wakishuka na darubini zao, yeye hulaza kiti, akafunika uso kwa kofia, akalala. Kilichowatoa watu Ulaya kiko hatua mia moja kutoka kwenye bampa la gari lake, naye hajawahi kukiona.

Simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemwambia pia kwamba kwenye matete ya Ziwa Duluti, pale pale Tengeru, yuko mnana wa Taveta, wa manjano inayowaka, ambaye dunia nzima anapatikana kwenye kipande kidogo tu cha kaskazini mashariki mwa Tanzania na upande wa pili wa mpaka huko Kenya. Tunapita Duluti kwenda sokoni. Mgeni anapita sokoni kwenda Duluti.

Sasa tuvuke bahari. Kwa nini Pemba, na si Unguja yenye hoteli nyingi na jina kubwa? Jibu liko chini ya maji. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kidogo. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine: kina chake kinafika mamia ya mita, na kisiwa kilibaki kimezungukwa na maji hata bahari iliposhuka. Ndege waliofika huko walikwama na vizazi vyao, wakabadilika polepole mpaka wakawa aina zao wenyewe. Wako wanne: chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Unguja haina hata mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo mtalii anayemaliza wiki nzima Nungwi akidhani ameona ndege wa visiwa vyetu amelala usingizi wa gharama kubwa.

Na nani aliyewaandika? Bundi aliandikwa rasmi mwaka 1937 na ninga mwaka 1940, wote na R.H.W. Pakenham, ambaye baadaye, mwaka 1979, alichapisha orodha ya ndege wa Unguja na Pemba. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Zanzibar, mtu wa mafaili na mihuri. Hakuja kwa kampuni ya utalii. Aliishi pale, alifanya kazi yake, na muda uliobaki akatazama. Wapemba wachuma karafuu walikwisha kumsikia bundi yule usiku tangu enzi za mababu. Wao hawakuwa na jarida la kuandikia. Basi hata historia yenyewe inamkana anayesema ndege ni wa wapita njia wenye fedha. Kuwajua ndege kulianza na wakazi.

Najua hoja itakayofuata: gharama. Haya, tufanye hesabu. Mmarekani anayekwenda Pemba analipa tiketi ya kuvuka mabara, analipa viza dola 100, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 analipa bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44. Akifika kwenye hifadhi, kiingilio chake kinapigwa kwa dola. Wewe viza huna haja nayo, bima hiyo haikuhusu, na penye kiingilio unalipa kiwango cha raia kwa shilingi. Kilichobaki ni nauli, chakula na malazi, yaani gharama zile zile ambazo watu wa Kikwe huzibeba bila kulalamika wanapokwenda harusini Mwanza au msibani Mbeya. Tatizo letu ni kwamba msiba tunauchangia, lakini ndege tunaona aibu hata kuwataja.

Njia ni hii. Bodaboda mpaka Usa River, basi mpaka Dar es Salaam, boti mpaka Unguja, meli mpaka Mkoani. Wakati mwingine huwa kuna meli kati ya Tanga na Pemba, na kwa mtu wa Arusha hiyo hufupisha safari sana, lakini ratiba zake hubadilika, kwa hiyo piga simu bandarini Tanga kwanza. Beba kitambulisho cha NIDA. Mkoani panda daladala hadi Chake Chake, kisha nyingine hadi Konde, kaskazini ya kisiwa. Kutoka Konde bodaboda itakufikisha lango la msitu wa Ngezi.

Hapo kwenye meli niseme jambo moja bila mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, na mamia kwa mamia ya Watanzania wakafa. Anayekuambia anaogopa bahari ile hana woga wa kitoto. Chagua chombo, usichague bei. Ukikiona kimejaa, kiache kiende, lala Unguja, uondoke kesho. Uzuri wa kujipangia safari ni huo: hakuna kundi linalokusubiri wala ratiba ya kampuni inayokusukuma upande.

Msimu? Epuka masika, Machi hadi Mei. Pemba hunyesha kwelikweli na njia za msituni huwa tope. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka. Mimi ningechagua Januari na Februari, wakati wa kaskazi: maji kwa kawaida ni tulivu zaidi, na ndege wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia bado wako ufukweni wakichokoa matope maji yakipwa. Tazama pia kalenda ya Ramadhani, kwa maana mchana hutapata mgahawa uliofunguliwa, na si adabu kutafuna njiani watu wamefunga.

Darubini ndiyo kifaa pekee cha kununua, na hapa watu huibiwa kwa tamaa yao. Juu yake kuna namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mwanga unaoingia. Muuzaji atakusifia ya 20x50. Mwachie mwenyewe. Kadiri inavyokuza zaidi ndivyo mtetemo wa mkono wako unavyokuzwa pia, na msituni penye kivuli utaona ukungu unaocheza. Nane inatosha. Mnaweza kuinunua watu watatu mkaazimana. Kwa upande wa majina, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure. Ipakue ukiwa mjini pamoja na orodha ya eneo letu, maana mtandao wa msituni si wa kuutegemea.

Chozi na kinengenenge hawatakusumbua. Dume la chozi hung'aa kijani na zambarau likipigwa na jua, na utalikuta kwenye maua ya bustani hata mjini Chake. Kinengenenge ni wa manjano mwenye pete nyeupe jichoni, na hutembea kikundi. Ninga ni mwenye masharti: hukaa juu, kwenye miti yenye matunda, akatulia kimya mpaka shingo ikuume. Tafuta mti uliozaa, ukae chini yake.

Bundi ndiye safari yenyewe. Anaishi Ngezi na pia kwenye mashamba ya mikarafuu, na hutoka usiku, kwa hiyo darubini yako haina kazi kubwa. Mtu humfuata kwa sikio. Hutoa mlio mmoja mfupi, akanyamaza, akautoa tena. Ongea na walinzi wa msitu mchana ule ule, wakupangie matembezi ya usiku. Wao ndio wanaojua kalala upande gani. Na hapa ndipo pesa yako iende, kwa mlinzi wa Ngezi. Mchana zunguka uone mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya minazi, ambao nao ni wa Pemba tu. Ukitaka kuingia shamba la karafuu la mtu, piga hodi, toa salamu kamili, eleza shida yako. Mgeni wa Ulaya analipa mkalimani kwa jambo hilo. Wewe Kiswahili umekinyonya, na Mpemba atakusahihisha kwa furaha.

Utasikia na vitisho viwili, vyote vya rafu. Kwamba bundi ni mkosi, na kwamba Pemba watakuroga. Bundi aliyetua juu ya paa la marehemu alifuata panya. Na Wapemba wanaozungumzwa kijiweni kama taifa la wachawi ni wakulima na wavuvi wanaoishi vilevile kama sisi, ila wana adabu zaidi kwa mgeni kuliko wapiga debe wa stendi yetu ya Arusha.

Kampuni za utalii sizichukii; nusu ya mkoa huu inakula kwao. Serengeti bila gari zuri na dereva anayejua njia ni mateso, na hapo lipa. Ninachokataa ni kuigeuza Serengeti kuwa kipimo cha kila safari, mpaka tuamini kwamba bila gari refu lenye paa la kufunguka hakuna kutazama chochote. Ngezi ndege unawatafuta kwa miguu. Duluti nako unazunguka kwa miguu.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, na kuongoza watalii ni mojawapo. Vijana wa Arusha walishangilia. Sawa, lakini amri haifundishi mtu jina la ndege. Mgeni aliyetumia mamilioni kuja kuwaona wale wanne wa Pemba anamtaka mtu atakayesimama gizani na kusema: yule pale, msikilize. Kama sisi wenyewe hatujawahi kwenda, tutamwonyesha nini? Wenzetu walikwisha kuliona hili. Nairobi, chama cha Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, na yameendelea kwa zaidi ya miaka 50. Wapo waongozaji hodari wa Kenya walioanzia huko wakiwa vijana. Uganda wanawake wana chama chao cha watazamaji wa ndege na wanaajiriwa kwa ujuzi huo. Arusha, mji unaojiita makao makuu ya utalii, una madereva wengi hodari wanaomjua simba na hawamjui kipozamataza.

Kwa hiyo, walimu wa Kikwe, Jumamosi moja wapelekeni watoto Duluti. Nanyi madereva, safari ijayo ya Engikaret, teremkeni garini. Na wewe mwenye akiba ya kwenda Pemba, usiitumie kwa jambo jingine kwa sababu mtu alikucheka kijiweni. Januari, ukishuka Konde, uliza ofisi ya msitu wa Ngezi, ufike kabla ya saa kumi alasiri ili walinzi wapate muda wa kukupangia usiku.