Kubadilisha moteri si kosa, kusahau freni ndiyo kosa



Wiki mbili zilizopita kulikuwa mabishano makali katika chumba cha kulala cha darasa la tano. Mwenzetu mmoja alituonyesha picha ndani ya telefone ya kaka yake. Ilikuwa motokari Datsun 240Z ya mwaka 1971, kapo wazi, na ndani yake moteri ingine kabisa, ile ya Nissan Skyline GT-R. Kumbe huko Japani na Marekani kuna watu wengi ambao mchezo wao wa saa za kupumzika ni huo: wananunua motokari ya mbio ya zamani ya Kijapani, wanatoa moteri yake, wanaingiza ingine yenye nguvu zaidi. Hakuna anayewalipa. Wanalipa wao wenyewe, na wengine wanamaliza miaka juu ya motokari moja.

Palepale tukagawanyika makundi matatu. Wa kwanza walisema: "Hao wanaharibu kitu cha wazee. Wenye kuitengeneza walikuwa na akili, wacheni vile iko." Wa pili hawakutaka maneno mengi: "Inakimbia ngapi?" Wa tatu walicheka: "Ni kutupa makuta bure! Huku kwetu batu banatafuta hata bulo moja, wao banacheza na moteri mbili." Msimamizi wa internati alizima taa kabla hatujamaliza. Njo sababu tunaomba nafasi hapa tumalize.

Tuanze na motokari yenyewe. Ilitoka Japani mwaka 1969, na kule waliiita Fairlady Z. Ile iliyouzwa inje kwa jina la 240Z ilikuwa na moteri ya silinda sita katika mstari mmoja, litre 2.4, karburateri mbili, na nguvu za farasi karibu 150. Uzito wake ulipita kidogo tu kilo 1,000. Wazee wa upande wa mashariki wanaifahamu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda nayo Safari Rally, mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanzania. Na ya pili ilikuwa 240Z vilevile. Mwaka 1973 ilishinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Basi haiko motokari ya kupamba nyumba tu. Ilikula matope na vumbi ya majirani zetu.

Sasa tunajibu kundi la kwanza, wale wanaosema kwamba kubadilisha moteri ni kuharibu. Ndugu, tazameni kwanza wenye viwanda wenyewe walifanya nini. Mwaka 1964 kampuni ya Prince ilitaka kushindana katika Grand Prix ya Japani, kule Suzuka. Ilikuwa na motokari ndogo, Skyline, yenye moteri ya silinda nne. Wakachukua moteri ya silinda sita ya motokari yao kubwa, Gloria. Haikuingia, ilikuwa ndefu. Je, walirudi nyumbani? Hapana. Walikata pua ya Skyline wakairefusha sentimita 20, na moteri ikaingia. Katika mashindano Porsche 904 ndiyo iliyoshinda, lakini Skyline zilichukua nafasi ya pili mpaka ya sita. Jina la Skyline lilianza kusikika kwa sababu ya msumeno ule.

Mwaka 1966 Prince iliungana na Nissan. Mwaka 1969 Nissan ilichukua moteri ya Skyline GT-R ya wakati ule, ikaiingiza ndani ya Fairlady Z, ikaiita Z432: valvu 4 kwa kila silinda, karburateri 3, na vyuma 2 vya kufungulia valvu. Mnasikia? Moteri ya GT-R ndani ya Z. Yule mtu wa katika picha amefanya jambo lilelile ambalo kiwanda kilifanya mwanzoni. Kama ni uharibifu, mharibifu wa kwanza ni mwenye kuitengeneza.

Lakini hatupendi kuwadharau wa kundi la kwanza, maana kuna neno la kweli katika maneno yao. Z432 zilitengenezwa zaidi kidogo ya 400 tu. Mtu akikata moja ya hizo, amepunguza kitu ambacho hakitarudi. Nao wenye mali wanajua bei yake: mwezi wa kwanza 2020, 240Z moja ya mwaka 1971 iliyotunzwa bila kubadilishwa iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Kwa upande mwingine, Z za umri ule, toka 1969 mpaka 1978, zilitoka viwandani zaidi ya nusu milioni. Nyingi zimeliwa na kutu, hasa chini ya miguu ya dereva na pale batri inapokaa. Ile ambayo moteri yake imekufa na sakafu yake imetoboka, kuipa moteri mpya ni kuiokoa na jaa. Basi shauri letu ni hili: kwanza ujue uko na nini mkononi. Kilicho kichache ukitunze vile kilivyo. Kilicho kingi na kilichoanza kuoza, tia mkono.

Tunakuja sasa kwa kundi la pili, marafiki wa mbio. Ninyi tunawapenda, lakini kwenu ndiko tuko na ugomvi mkubwa.

Mnafikiri kubadilisha moteri ni kutoa na kuingiza. Sivyo. Moteri ya picha ile, ya GT-R iliyotoka mwaka 1989, ni ya litre 2.6 na turbo mbili, nguvu za farasi 280 kadiri ya karatasi za kiwanda. GT-R ile inasukumwa na magurudumu yote manne, na sanduku ya mafuta chini ya moteri imeungana na mitambo ya magurudumu ya mbele. Katika 240Z magurudumu ya mbele hayasukumi kitu, kwa hiyo sanduku ile haifai, lazima ibadilishwe. Bwate ya vitesi vilevile: lazima kutafuta ya Skyline ya kusukumwa nyuma tu. Tena moteri ya zamani ilikunywa esanse kwa karburateri. Hii mpya inapigiwa esanse kwa nguvu, inataka pompe ingine, mipira mingine, ubongo wa umeme na nyaya zake zote. Radiateri ya zamani haitoshi tena kupoza. Na hayo yote hatujafika bado kwenye freni.

Freni ndiyo neno letu kubwa. 240Z ilitoka kiwandani na freni za diski mbele na za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa nguvu za farasi 150. Mwalimu wetu wa fizikia alituandikia ubaoni: nguvu iliyo ndani ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito, mara mwendo, mara mwendo tena. Fanyeni hesabu wenyewe. Motokari ikitoka kilomita 80 kwa saa ikafika 160, mwendo umekuwa mara mbili, lakini kazi ya freni imekuwa mara nne. Moteri haina huruma na hesabu hiyo. Kwa hiyo fundi wa kweli huko Marekani au Japani anaanza nyuma: anaziba kutu, anatia nguvu shasi, anaweka freni kubwa na pine za kufaa, halafu mwishoni anaita moteri. Anayeanza na moteri ametengeneza jeneza lenye magurudumu.

Msiseme tunahubiri tu mambo ya mbali. Mmoja wetu sisi tunaoandika hapa, katika livu ya mwaka jana, alibadilisha meno ya mnyororo wa moto ya mjomba wake ili ikimbie zaidi katika tambarare. Ilikimbia kweli, na sote tulimpigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: "Na freni ya nyuma iko namna gani?" Ilikuwa imekwisha. Kwenye mtelemko wa sokoni alikwenda moja kwa moja ndani ya mfereji pamoja na mama mmoja aliyekuwa nyuma yake na beseni ya mihogo. Mama alivunjika mkono. Mjomba alilipa hospitali, nasi tulilipa kwa haya. Tunaandika hili kwa sababu makofi yetu yalikuwa sehemu ya kosa.

Huko Japani kuna sheria inayosaidia. Motokari inapimwa na serkali, mpya baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Na mwenye kuingiza moteri ya namna ingine hawezi kunyamaza: lazima aipeleke ikapimwe, na karatasi zake ziandikwe upya. Sisi hatuna mpimaji wa namna ile kwenye kila njia. Basi kila mtu awe mpimaji wa kazi ya mikono yake.

Kundi la tatu, ninyi mnaosema ni makuta ya kutupwa. Hatukatai: ni mali nyingi, na hatumshauri mtu hata mmoja hapa aanze kuota 240Z wakati minerval haijalipwa. Lakini mmesahau kwamba kazi hii tunaijua. Mafundi wetu wangapi wanaingiza moteri ya motokari moja ndani ya ingine kwa kuwa pisi za kwanza hazipatikane tena? Wao wanafanya kwa shida, wale wanafanya kwa furaha. Tofauti ni sababu, lakini akili inayotakiwa ni moja: kupima, kulinganisha, kuvumilia, kurudia. Mtu anayejua kuingiza moteri ngeni vizuri amefahamu moteri zote mbili.

Tena wale wa mchezo huu wako na desturi moja tunayoitamani. Wenye busara kati yao wanatafuta njia isiyokata. Wanatengeneza vishikio vya kufunga kwa bulo, ili kesho mtu akitaka arudishe moteri ya kwanza. Ile ya kwanza hawaitupe, wanaifunika mafuta na kuiweka na namba yake. Wengine wanachagua moteri ya ukoo mmoja, kama ile ya litre 2.8 iliyowekwa katika Z za baadaye, ambayo inakaa juu ya vishikio vilevile. Na kila hatua wanaiandika na kuipiga picha, ili atakayekuja nyuma ajue nini kiliguswa.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Katika atelie yetu ya shule kuna moteri moja ya zamani ambayo kila mwaka inafunguliwa na darasa lingine. Kila mwaka bulo kadhaa zinabaki juu ya meza, na hakuna anayejua zilitoka wapi, kwa sababu hakuna aliyeandika. Tunaomba wakubwa wa shule na wenzetu wa sehemu ya ufundi jambo moja dogo: kaye moja ikae kando ya moteri ile. Anayefungua aandike tarehe, jina lake, na kile alichotoa. Anayebadilisha kitu aandike kwa nini, na aandike pia kama alitazama kile kinachofuata. Kaye moja haiko bei kubwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupenda nguvu si vibaya. Ni umri wetu. Lakini kila nguvu tunayoongeza iulizwe kwanza: nani ataisimamisha?

Wenye mawazo mengine waandike, tutawasoma kwa moyo mweupe. Hata wewe, mwenye telefone ile: uliza kaka yako kama motokari ya picha ilibadilishwa freni. Tunangoja jibu.

Ni sisi, wanafunzi wanne wa darasa la tano