Ajali za Watoto Zina Kinga

NJIA PANDA: Safu ya kila wiki
Na Bosco Ndunguru

Neno ajali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliokadiriwa, yaani siku ambayo uhai wa mtu umepangiwa kukoma, na maana hiyo ya asili haijafutika, kwa kuwa ndiyo inayosikika kila inapotamkwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una kazi njema msibani, kwa sababu humpunguzia mfiwa mzigo wa kujilaumu. Lakini ukitolewa msibani na kupelekwa katika kikao cha halmashauri, mezani kwa mhandisi au katika mkutano wa kijiji, hugeuka kuwa ruhusa ya kutofanya lolote. Kifo cha mtoto barabarani katika wilaya za Mbinga na Nyasa kina sababu zinazopimika kwa mita na kwa sekunde, na kinga yake ya kwanza haipaswi kutafutwa katika akili ya mtoto, bali katika kasi ya gari na umbo la barabara.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, kuliko ugonjwa wowote mmoja. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Maana yake ni kwamba wingi wa magari peke yake hauelezi wingi wa vifo, na kwamba jibu liko katika namna barabara inavyojengwa na kutumiwa.

Watanzania hawajasahau tarehe 6 Mei 2017, siku ambayo basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilayani Karatu, likaua wanafunzi 32 wa darasa la saba, walimu wawili na dereva. Tarehe 26 Julai 2022 gari la shule ya King David lilipata ajali Mtwara, na watoto wasiopungua wanane wakapoteza maisha. Mtwara ni mbali na Mbinga kwa kilomita, lakini miji hiyo miwili imefungwa na uzi mmoja, kwa kuwa Mtwara na Mbamba Bay ni ncha mbili za ushoroba wa Mtwara, yaani mfululizo wa barabara na bandari unaounganisha Bahari ya Hindi na Ziwa Nyasa kupitia Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea na Mbinga. Misiba mikubwa ya namna hiyo hutangazwa kwa sababu wengi hufa kwa pamoja. Mtoto anayegongwa peke yake akivuka kwenda kisimani, dukani au shuleni huzikwa na kijiji chake, na msiba wake hauvuki mipaka ya kata.

Ushoroba huo umeleta neema ambayo hakuna anayetaka kuirudisha. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kiliwekwa lami kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini kati ya Tanzania na Marekani mwaka 2008, na kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, chenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, kikafuata kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kahawa ya Wamatengo wa Mbinga, ambayo zamani ilikwama kwenye utelezi wa masika, sasa hufika sokoni kwa wakati. Mgonjwa wa Litembo anayepewa rufaa hufika Songea akiwa hai. Dagaa wa Nyasa huliwa mjini. Hata hivyo, lami ileile iliyofupisha safari ya mfanyabiashara imeongeza kasi mbele ya lango la shule, na mabadiliko hayo ya pili hayakuandaliwa kwa uangalifu uliotumika kuandaa yale ya kwanza.

Sura ya nchi huikuza hatari hiyo. Mbinga imekaa kwenye miinuko inayozidi mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye takribani mita 475, na kwa hiyo gari linaloelekea Mbamba Bay hushuka mamia ya mita kwa kona nyingi. Katika mteremko wa namna hiyo breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto na kupungukiwa nguvu, na ndiyo sababu dereva mwenye ujuzi hushuka kwa gia nzito inayoifanya injini yenyewe ilizuie gari, huku asiye na ujuzi, au anayetaka kuokoa mafuta, akiweka gia huru na kuikabidhi roho yake na za wengine kwa breki peke yake. Upande wa Kitai, ambako barabara itokayo Lituhi na Ruanda huungana na barabara kuu, huingia malori ya makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ngaka, kila moja likiwa na shehena ya tani nyingi, nayo hupita katika vijiji ambavyo watoto wake hutembea ukingoni mwa lami kwa kuwa pembeni hapana pa kutembea.

Yapo maelezo ya kihistoria kwa nini shule nyingi ziko kando ya barabara. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia Watanzania wengi kando ya barabara ili huduma ziwafikie, kisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ukajenga madarasa katika vijiji hivyohivyo. Umatengoni kwenyewe watu walikuwa tayari wamekaa migongoni mwa vilima, wakilima ngolo, yaani mashimo ya kilimo yanayozuia mmomonyoko kwenye miteremko, na migongo hiyo ndiyo inayopendwa pia na wajenzi wa barabara. Mwambaoni, kati ya mlima na maji, ardhi tambarare ni ukanda mwembamba unaogawanywa na nyumba, shule, vichanja vya kuanikia dagaa na barabara. Mtoto, kwa hiyo, hakuifuata lami. Lami ndiyo iliyomkuta njiani kwake.

Jambo linaloamua kama mtoto huyo atafika nyumbani ni umbali wa kusimama, ambao ni jumla ya sehemu mbili: umbali ambao gari husafiri tangu dereva aone hatari hadi mguu wake ufike kwenye breki, na umbali ambao gari huendelea kwenda baada ya breki kukanyagwa. Kwa dereva anayechukua sekunde moja na nusu kutambua na kutenda, gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu na tambarare huhitaji takribani mita 18 kusimama likiwa kwenye kasi ya kilomita 30 kwa saa, takribani mita 35 likiwa kwenye kilomita 50, na karibu mita 70 likiwa kwenye kilomita 80. Mtoto anayejitokeza ghafla mita 20 mbele ya gari atanusurika katika hali ya kwanza. Katika hali ya tatu atagongwa kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, kwa kuwa katika sekunde hiyo moja na nusu gari limekwisha kula mita 33. Mvua, mteremko na shehena huurefusha umbali huo, wala hakuna kinachoufupisha ila kupunguza mwendo.

Desturi iliyozoeleka ni kumfundisha mtoto atazame kulia, kushoto na kulia tena ndipo avuke, na somo hilo ni jema na liendelee. Lakini mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, aliyewachunguza watoto wadogo wakiwa barabarani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1968, alionyesha kwamba haiwezekani kumrekebisha mtoto mdogo hadi amudu mazingira ya magari, na kwamba mazingira hayo ndiyo yanayopaswa kurekebishwa yamfae mtoto. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili hupata shida kukadiria kasi ya kitu kinachomjia, hushindwa kutambua sauti inatoka upande gani, na mpira au mwenzake akiwa ng'ambo huuteka moyo wake wote. Kimo chake hakimruhusu kuona juu ya gari lililoegeshwa, wala hakimruhusu kuonekana na dereva. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakuna mkunjo unaoweza kumpa mtoto wa miaka saba macho ya mtu mzima.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na askari wa usalama barabarani huusimamia kwa tochi, yaani kifaa cha kupimia kasi. Kazi hiyo inastahili heshima, ila tochi hufanya kazi pale tu askari alipo, na madereva hupashana habari zake kwa kuwashiana taa, ilhali tuta lililojengwa vizuri hufanya kazi usiku na mchana bila posho wala upendeleo. Aidha, kilomita 50 ni nyingi mno mbele ya shule: Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka nchi ziweke ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu wanaotembea kwa miguu huchangamana na magari.

Kwamba jambo hili linawezekana katika nchi hii si nadharia. Shirika la Amend lilifanya kazi katika maeneo ya shule jijini Dar es Salaam kwa kupima kwanza watoto wanapita wapi na wanaumia wapi, kisha likajenga njia za waenda kwa miguu, vivuko, matuta, alama na nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine likahamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi. Majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo katika maeneo yaliyofanyiwa kazi hiyo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya Ross inayotolewa na Taasisi ya Rasilimali ya Dunia kwa miradi inayobadilisha miji. Saruji, rangi na vibao vilivyotumika huko vinapatikana Mbinga pia.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba barabara kuu haipaswi kujazwa matuta, kwa kuwa ushoroba umejengwa ili mizigo iende haraka. Pingamizi hilo linafaa kujibiwa kwa hesabu. Gari linalopita mita 300 za eneo la shule kwa kilomita 80 kwa saa hutumia sekunde zisizofika 14, na kwa kilomita 30 hutumia sekunde 36, hivyo hupoteza takribani sekunde 22. Hata lingepita shule kumi kati ya Songea na Mbamba Bay, kuchelewa kwake kungekuwa takribani dakika nne, muda ambao dereva huutumia akingoja chai imiminwe. Hakuna shehena ya makaa ya mawe wala gunia la kahawa linaloharibika kwa dakika nne.

Vijana wa sekondari wanahitaji kufikiriwa peke yao, kwa kuwa hatari yao ni tofauti. Shule za kata hukusanya wanafunzi kutoka vijiji kadhaa, na mwanafunzi aliye mbali hupanda bodaboda, mara nyingi kwa mtindo wa mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi nyuma ya dereva mmoja, wote bila kofia ngumu. Wengine, hasa msimu wa kahawa familia inapopata fedha za kununulia pikipiki, huwa madereva wenyewe kabla hawajapata mafunzo wala leseni. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69, na kwa hiyo mzazi anayenunua pikipiki bila kununua kofia mbili amenunua nusu ya chombo.

Kinachohitajika, basi, kina majina na wenyewe. Wakala wa Barabara, TANROADS, unaosimamia barabara kuu na za mkoa, uweke mbele ya kila shule iliyo kando ya lami ukomo wa kilomita 30, matuta yenye vipimo sahihi yanayotanguliwa na rasta, yaani michirizi inayomshtua dereva mapema, pamoja na njia ya miguu iliyotengwa na lami. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ifanye hivyo kwenye barabara zake. Wenye machimbo na wasafirishaji wakubaliane na halmashauri kwamba malori hayatapita vijijini saa ambazo watoto wanaingia na kutoka shuleni. Kila serikali ya kijiji ifungue daftari la watoto waliogongwa au kukoswakoswa, likionyesha mahali na saa, kwa sababu mhandisi hawezi kutibu mahali asipopajua, na kamati ya shule ilipeleke daftari hilo kwa mkuu wa wilaya kila muhula.

Daftari hilo ndilo litakaloamua juu ya msemo wa wahenga. Endapo kurasa zake zitaonyesha watoto wakiumia mahali palepale, saa zilezile, chini ya mteremko uleule, haitafaa tena kulitumia neno ajali kwa maana ya siku iliyokadiriwa, kwani kinachojirudia mahali pamoja kimejengwa na watu, na watu wanaweza kukijenga upya. Wamatengo walipoona udongo wao ukichukuliwa na mvua hawakuukemea udongo kwa kuteleza. Waliuchimbia ngolo mteremko mzima, shimo baada ya shimo, mpaka maji yakajifunza kutembea polepole.