Diwani ya Mtumbatu Katika Madarasa ya Kilosa

Miongoni mwa vitabu vya ushairi vilivyopata kuteuliwa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita kimo "Kimbunga", diwani ya marehemu Haji Gora Haji iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Mtungaji huyo alizaliwa kisiwani Tumbatu mwaka 1933, akawa mvuvi na baharia, na akafariki dunia mwaka 2021. Hivyo kijana wa Kilosa au Mikumi, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, alitakiwa kuyaelewa maneno ya watu wa kisiwani.

Wapo wasemao kuwa huko ni kumtwisha kijana mzigo usio wake. Hatukubaliani nao. Katika shairi lililoipa diwani jina lake, upepo unaing'oa mibuyu ilhali minazi inasalimika. Aliyeyashuhudia mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalivyozoa nyumba na kukata njia ya reli, hahitaji mwalimu wa kumweleza mambo hayo. Kinachomkwamisha ni msamiati, na kwa hilo mshairi hana lawama.

Ikumbukwe kuwa Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tumbatu iko pale pale, ng'ambo ya Mkokotoni, lakini lahaja yake ikabaki nje ya mlango. Haji Gora aliiingiza ndani kwa mashairi, kisha akaiandikia kamusi. Kazi iliyostahili ofisi yenye makarani na mishahara ikafanywa na mzee mmoja!

Tunawaomba wakuu wa elimu wahakikishe kuwa palipo na tungo zake shuleni, kamusi hiyo nayo ipo. Na ndugu zetu wa Baraza la Kiswahili la Zanzibar wasichelewe kurekodi maneno ya wazee wa Tumbatu, Makunduchi na Pemba wangali hai.

Wala maafisa utamaduni wa huku kwetu wasidhani wamesalimika. Ukiulizia diwani ya Kisagara, Kikaguru au Kividunda katika duka la vitabu, mwenye duka atadhani unamfanyia mzaha. Milima ya Vidunda inaonekana kutoka barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Kufika huko hakuhitaji jahazi.