Tusiwanyang'anye Vijana Riwaya

Ndugu Waislamu, baadhi yetu wazazi hapa Muleba tukimkuta kijana na riwaya humnyang'anya, tukidhani kila hadithi ni upotofu. Tusihukumu kitabu kabla ya kukisoma. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat Yusuf husuda ya ndugu na utukufu wa kusamehe. Mafunzo hayo yamo pia katika Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952: Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini, wanageuzwa manyani, naye Adili anawahurumia. Mzazi, kisome kitabu hicho pamoja na mwanao, mkizungumze baada ya Isha. Ukikataza vyote, atasoma kwa kificho kile asichothubutu kukuuliza. Wallahu a'lam.